Beberu, Rungu na Safari ya Timau

Siku tuliyompeleka beberu Timau nilivaa suruali na raba, kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameniambia kwamba mtu anayesafiri na mali havai kama anayekwenda harusini. Nilikuwa na pikapu kuukuu niliyoinunua kwa ajili ya kusambaza sare za shule ninazoshona hapa Nyeri mjini, na leseni yangu ya kuendesha ilikuwa haijatimiza mwaka. Mbali zaidi nilikowahi kufika na gari hilo ni Kianyaga. Timau ilikuwa upande wa pili wa mlima, na nilikuwa nimeihesabia siku tangu mwezi uanze.

Beberu alikuwa wa mama yangu, anayefuga mbuzi wa maziwa kwetu Wamagana. Wamama wa kikundi kimoja cha Timau walimwona kwenye maonyesho ya kilimo wakampenda palepale. Alikuwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, mgongo umenyooka kama benchi, ndevu zimemshuka hadi kifuani. Na alinuka. Aliyewahi kukaa karibu na beberu msimu wa kupandana anajua ninachosema. Hukojolea ndevu zake mwenyewe ili majike wamwone wa maana, na mtu akimgusa hata kidogo, harufu ile haisikii sabuni. Mama alikuwa ameizoea kabisa. Mimi nilipomaliza kumfunga kamba asubuhi ile niliosha mikono mara tatu na bado sikuweza kula mkate wangu.

Wiki mbili kabla, jirani yetu mmoja alisimamishwa na watu barabarani huko juu akipeleka ndama wawili. Walimwachia gari na kamba. Tangu siku hiyo Mama hakutulia. Kila jioni alinipigia simu na swali moja tu: "Tutajilinda na nini?"

Nikaingia kwa duka la vyuma pale mjini, la mama mmoja Mhindi ambaye familia yake imeuza misumari na mabati tangu kabla sijazaliwa. Nilimwambia nataka kitu cha kubeba kwa gari, cha kujilinda. Alinitazama juu ya miwani yake. "Mimi niko na tochi kubwa na filimbi," alisema. "Zaidi ya hapo, msichana wangu, kwanza uliza polisi. Usinunue kitu leo, kesho wakukamate nacho." Nilinunua tochi na filimbi, nikavuka barabara, nikaenda kuuliza polisi.

Afisa wa zamu alikuwa mwanamke wa umri wangu. Nilitarajia anicheke, lakini aliweka kalamu chini akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bunduki bila cheti, hiyo tusiizungumzie," alisema. "Simi, panga iliyonolewa, ukipatikana nayo barabarani na huna sababu ya maana, utatueleza ukiwa ndani. Fimbo na rungu, inategemea. Uko nayo kwa nini? Umeifanyia nini? Mtu akikuvamia, jilinde kiasi cha kujiokoa. Akikimbia, mwache akimbie. Ukimfuata kumpiga, sasa ni wewe umekuwa mkosaji. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilitoka pale kifua kimejaa, kama mtu aliyepita mtihani, nikampigia shangazi yangu simu.

Shangazi, ninayemwita Tata, ni dada mkubwa wa marehemu baba. Kabla ya kustaafu alikuwa soja wa kulinda kiwanda cha kahawa huko Tetu, mwanamke peke yake kati ya wanaume watano, na rungu aliyopewa kazini alirudi nayo nyumbani. Ni ya mzeituni wa porini, nyeusi kwa kushikwa, na kichwa chake si kikubwa kuliko ngumi ya mtoto. Nilipomrudia maneno ya yule afisa, alisema, "Hayo ndiyo tulifundishwa. Rungu hainyanyuliwi kabla mdomo haujatumika. Na mtu akikupa mgongo, umemaliza." Kisha akaongeza, "Nakuja na nyinyi."

Basi tukaondoka watatu, tumebanana mbele: mimi kwenye usukani, Mama katikati, Shangazi dirishani na rungu yake mapajani. Beberu alikuwa nyuma ndani ya kizimba cha mbao. Kwenye kisanduku cha gari kulikuwa na kibali cha kusafirisha mifugo, chenye muhuri wa ofisi ya mifugo. Mama alikishika mkononi mpaka Kiganjo, nikamwomba akirudishe kabla jasho halijafuta muhuri.

Sijui nielezeje furaha ya asubuhi ile. Mlima ulikuwa wazi, theluji imebaki kidogo juu kama unga uliomwagika. Gari lilivuta vizuri. Kila tulipopita lori, Shangazi alisema, "Vizuri," kwa sauti ndogo, na mimi nikajiona dereva wa kweli.

Karibu na Naro Moru tulikuta kizuizi cha polisi. Afisa kijana akainama dirishani, akaona rungu.

"Shosho, hiyo ni ya nini?" alimuuliza Shangazi, kama anayemuuliza bibi yake.

"Ni ya kulinda hiyo mbuzi, na sisi," Shangazi alijibu, bila haraka.

"Na mko na kibali ya mbuzi?"

Nilimpa. Alisoma, akazunguka nyuma, akarudi ameziba pua. Mambo yangeishia hapo, lakini Mama, ambaye akiona polisi huona lazima akiri kitu, alisema, "Na mimi niko na hii." Akatoa chini ya shuka lake chupa ya kunyunyizia dawa, ile ya pampu, imejaa maji mekundu.

Sikujua kama alikuwa nayo.

"Hii ni nini, mama?"

"Dawa ya sukuma wiki. Pilipili, kitunguu saumu, jivu na sabuni kidogo. Inaua wale wadudu wa chini ya majani."

"Na sukuma iko wapi kwa gari?"

"Iko Timau," Mama alisema. "Ile kikundi tunaenda kuona waliniomba niwafundishe."

Na ilikuwa kweli, waliomba. Lakini nilimjua mama yangu, na hakuhitaji kuikumbatia dawa ya wadudu chini ya shuka. Afisa alitutazama mmoja mmoja, akacheka mpaka akashika mlango. "Endeni," alisema. "Lakini mama, hiyo ibaki ya wadudu."

Tulicheka hadi Nanyuki. Tulinunua chai na mandazi, tukasonga. Kupita pale ardhi hufunguka, ngano pande zote, na upepo unaoshuka kutoka mlimani ukasukuma gari ubavuni kama mkono wa mtu. Kabla ya kufika Timau tulitakiwa kuacha lami na kushika barabara ya udongo inayokatiza mashamba, kwa sababu mwenyekiti wa kikundi anaishi huko ndani. Tulikuwa tumeenda kama kilomita mbili hivi za vumbi tairi la nyuma lilipopasuka.

Nilikuwa nimefundishwa kubadilisha tairi na sikuwahi kulibadilisha. Nikatoa jeki na spana, nikapiga magoti, nikisikia hata hilo ni sehemu ya raha. Ndipo pikipiki ikaja kutoka nyuma yetu ikiwa na wanaume wawili, mmoja kwa jaketi ya kijani, mwingine kwa kofia nyekundu ya sufi. Wakasimama.

"Poleni wamama. Tuwasaidie?"

Wa jaketi aliichukua spana mkononi mwangu kwa adabu kabisa, akachuchumaa. Nilimshukuru. Alilegeza nati mbili. Wa kofia hakuja kwenye tairi. Alizunguka nyuma, na baada ya muda mfupi nilisikia beberu akilia, si kile kilio chake cha kawaida. Nilipoinuka niliona mlango wa kizimba umefunguliwa, kamba imekatwa, na yule mtu amemkumbatia beberu kifuani akimvuta chini. Kisu kilikuwa kati ya meno yake.

"Weye!" Mama alipiga kelele. "Toa mkono!"

Wa jaketi alisimama na spana yangu. "Mama, tulia," aliniambia mimi, ingawa aliyepiga kelele si mimi. "Hatutaki nyinyi. Tunataka mbuzi tu."

Nilichosikia wakati ule kilinishangaza, na nimekifikiria sana tangu siku hiyo. Hofu ilikuwepo. Lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kingine kilichonipanda hadi shingoni, moto fulani, karibu na furaha. Niliipuliza filimbi kwa nguvu zangu zote. Upepo uliichukua sauti ukaipeleka kwenye ngano.

Shangazi alikuwa ameshuka. Alitembea kuja upande wetu bila kukimbia, rungu imeshuka kando ya paja lake.

"Weka spana chini," alisema.

Yule mtu alicheka. Alimwona mwanamke wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, soksi ndefu.

"Nimesema mara ya kwanza. Weka spana chini. Hii ni mara ya pili."

Aliinua spana juu ya kichwa changu. Sikuona rungu ikipanda. Nilisikia tu mlio mkavu, kama kuni iliyovunjwa kwa goti, na spana ikaanguka vumbini. Shangazi alikuwa amempiga kifundo cha mkono, mara moja. Akarudi nyuma hatua mbili akasubiri.

Wakati huo Mama alikuwa vitani kwake. Alipiga pampu ya kwanza akiwa amesimama upande usiofaa, upepo ukairudisha dawa yote usoni mwangu. Mungu wangu! Niliona moto. Nilijaribu kumwambia azunguke, lakini nilikuwa nakohoa na kulia. Alizunguka mwenyewe. Alimkaribia wa kofia kama anavyokaribia sukuma wiki, akainamisha chupa, akapiga pampu tatu kutoka chini kwenda juu.

Yule mtu alipiga unyende. Kisu kilianguka, beberu akaruka, na kwa mruko mmoja akawa ndani ya ngano. Wa jaketi alikimbilia pikipiki akishika mkono wake, akaiwasha sijui vipi, akaondoka bila mwenzake. Wa kofia aliingia shambani upande wa pili akiwa hafungui macho, akianguka na kuinuka.

"Tumfuate!" Mama alisema, chupa juu. Alikuwa tayari ameshaanza. Shangazi alimshika shuka.

"Ametupa mgongo."

"Lakini hajaenda mbali! Haoni!"

"Ametupa mgongo," Shangazi alirudia. "Imeisha."

Mama alisimama akihema. Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka huku machozi ya pilipili yakinitiririka. Tulishikana mikono katikati ya barabara ile, mama na mwanawe, tukirukaruka kama wasichana wa shule waliofunga bao. Shangazi alituacha. Alikuwa ameinama kuokota spana.

Kumkamata beberu kulituchukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Ngano ilikuwa imemfika mabegani na alikuwa ameonja uhuru na chakula kwa pamoja. Tulimzunguka, tukamkosa, tukamzunguka tena, mpaka tukamrudisha kizimbani. Nikamaliza tairi, tukarudi kwenye lami, na badala ya kwenda kwa mwenyekiti tukaenda moja kwa moja hadi Timau kuandikisha taarifa polisi.

Kwenye benchi la kituo alikuwa amekaa yule wa kofia nyekundu.

Alikuwa na kitambaa chenye maji machoni. Aliposikia sauti ya Mama aliruka kama aliyechomwa. "Ni hao, afande! Hao wamama watatu! Wako na silaha!"

Tulipokuwa tukimwinda beberu, yeye alikuwa ametutangulia ili ashtaki kwanza. Alikuwa ameshaeleza kwamba alitukuta na pancha, akapiga magoti kutusaidia kwa roho safi, na sisi tukamnyunyizia sumu na kumpiga mwenzake rungu. Alivyoeleza, ilisikika kama kweli. Sisi ndio tuliokuwa na rungu. Sisi ndio tuliokuwa na chupa.

Sajini wa zamu alikuwa mtu mzima, mwenye mvi masikioni. Aliomba vitu vyote viwekwe juu ya meza: rungu, chupa, filimbi, tochi, na kile kisu ambacho nilikuwa nimekiokota kwa ncha ya shuka la Mama. Yule mtu alisema kisu hakijui. Sajini alitusikiliza, akaandika, kisha akamgeukia.

"Wewe ulisaidia na tairi."

"Ndio, afande. Nilikuwa hapo kwa tairi time yote."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani? Mimi hata sikuona mbuzi."

Sajini alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona akisimama mbele ya kizimba, akimtazama beberu kwa muda, beberu naye akimtazama. Akarudi ndani.

"Nipe mikono."

Yule mtu alimpa mikono. Sajini aliinama akainusa. Kichwa chake kilirudi nyuma haraka, kama mtu aliyefungua sufuria ya maziwa yaliyooza. Akashika sweta la yule mtu kifuani, akachomoa unywele mmoja mweupe, wa pili, wa tatu, akazipanga juu ya kitabu.

"Umeosha mikono?"

"Ndio. Kwa nyumba moja huko, walinipea maji."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

"Kijana," sajini alisema polepole, "mimi nimechunga mbuzi mpaka nikaenda jeshi ya polisi. Hii harufu siwezi sahau nikiwa kaburini. Huyu jamaa wa huko nje umemkumbatia."

Mama alipiga makofi. Sajini alimwambia akae chini.

Halafu akatugeukia sisi, na hapo hakucheka. Alimuuliza Shangazi alipiga mara ngapi, wapi, na yule wa jaketi alikuwa ameshika nini. Shangazi alisimama wima kama yuko kazini. "Mara moja, kwa mkono. Alikuwa ameinua spana. Nilikuwa nimemwambia aweke chini mara mbili."

"Na walipokimbia?"

"Tuliwaacha."

Sajini aliandika neno hilo, nikaona akilipigia mstari. "Hapo ndipo mmejisaidia," alisema. "Mngemfuata huyu kwa ngano, ningekuwa na kesi mbili." Aliipiga rungu picha kwa simu, akamrudishia mwenyewe. Chupa aliizuia pamoja na kisu kama ushahidi, jambo ambalo Mama hajalisahau mpaka leo. Ilikuwa chupa mpya. Yule wa jaketi ya kijani alipatikana jioni hiyohiyo kwenye zahanati akitafuta mtu wa kumfunga mkono, na baadaye, tulipoitwa mahakamani, wote wawili walikiri.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Tulifika kwa mwenyekiti jua limeanza kulegea, na kikundi kizima kilikuwa kimengoja langoni tangu saa sita. Habari ilikuwa imetutangulia. Walipiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume, beberu akashushwa kama bwana harusi, na Mama akasimulia vita kuanzia mwanzo, akionyesha kwa mkono mtupu jinsi alivyopiga pampu. Kila aliposimulia, idadi ya pampu iliongezeka.

Shangazi nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye mfereji wa maji ya bomba. Alikuwa akiosha mikono. Nilidhani ni harufu.

"Haitoki, Tata," nilimwambia. "Hata mimi nimejaribu."

"Miaka ile yote kiwandani," alisema bila kunitazama, "sikuwahi kupiga mtu. Watu walikuwa wanaona rungu, wanaondoka. Leo nimesikia mfupa."

Nilifunga mfereji, nikampa kanga niliyoazimwa pale ajipanguse. Tulikaa kwenye ngazi ya jikoni bega kwa bega, tukisikia vicheko ndani. Kisha akasema, "Angekupiga wewe kichwa."

"Ndio."

"Basi." Akainuka. "Niko na njaa. Hawa watu wamepika nini?"

Alikula sahani mbili.

Asubuhi, tukiwa tayari kuondoka, alizunguka pikapu akaja kusimama upande wa dereva. Alikuwa amevua koti. "Jana nilikuwa nafikiria," alisema. "Kama wewe ungeumia, nani angetoa hii gari pale? Mama yako? Mimi? Hapana. Sogea."

"Tata, sasa hivi?"

"Barabara ni ya shamba. Hakuna polisi, hakuna gari, ni ngano tu. Sogea."

Mama alikataa kupanda. Alisimama kando ya njia na wamama wa kikundi, mikono mdomoni. Nilimwonyesha Shangazi klachi, breki na mafuta. Gari lilizima mara nne. Mara ya tano liliruka kama beberu akitoka kizimbani, likatulia, likaanza kwenda, na ngano ikaanza kupita pande zote mbili, polepole, halafu si polepole. Nilisema aweke gia ya pili. Aliiweka, ikalia kidogo, ikakubali. Nyuma yetu wamama walikuwa wakipiga kelele na Mama akikimbia kutufuata akishika shuka lake.

Shangazi alishika usukani kwa mikono yote miwili, kidevu mbele, macho hayapepesi.

"Na ya tatu," aliuliza, "iko wapi?"